Kisanduku cha Tano

Fomu ina visanduku kumi na viwili.
Cha tano kinauliza mauzo ya mwezi, kwa shilingi.
Cha sita kinataka sababu, ikiwa namba imepanda au imeshuka
kupita theluthi,
nacho wamekipa upana wa kidole gumba.

Nilianzia Kongowea, siku ya tisa baada ya maji,
viatu mkononi, kalamu nyuma ya sikio.
Bakathir wa nafaka ameanika pojo juu ya mabati,
na pojo zimeota.
"Andika," akaniambia, "mwezi huu nimekuwa mkulima."
Nikacheka, kisha nikatafuta msimbo wa kicheko.
Haumo.

Misimbo ni minne tu:
moja, amejibu; mbili, amekataa;
tatu, amefunga; nne, duka halipo.
Sasa Nyevu wa Kisauni nimtie wapi?
Amekalia kreti la soda palipokuwa na mlango,
daftari la madeni limemvimbia mapajani
kama mkate uliochovywa chaini, wino umekimbia.
Hajafunga; hana cha kufungia.
Hajakataa; ananitazama, anangoja swali.
Duka halipo, mwenye duka yupo,
na watu wanapita wakimsalimu,
wale anaowadai wakimsalimu kwa sauti kubwa zaidi.

"Uliuza lini mara ya mwisho?"
Ndivyo nilivyofunzwa kuuliza.
"Usiku ule. Mishumaa miwili. Kwa mkopo."

Changamwe, kwa Premji wa vifaa vya ujenzi,
foleni imetoka nje mpaka barabarani:
misumari, simiti, ndoo, turubai, kufuli
za milango ambayo bado haijapatikana.
Mauzo yamepanda mara tatu.
Kijana wa kaunta hana hata nafasi ya kunywa maji.
Sababu? Nikaandika: mvua.
Kwa Nyevu pia nilikuwa nimeandika: mvua.
Herufi nne zile zile,
hapa zimeshiba, kule zinalala njaa.

Jioni Nzioka akapiga simu kutoka ofisini.
"Wasiojibu usihangaike nao," akasema,
"mashine itawajazia kwa wastani wa wenzao waliojibu."
Wenzao waliojibu ni wale wenye sakafu kavu.
Kwa hivyo Nyevu, ndani ya mashine, aliuza.
Aliuza sukari ambayo niliiona
imekuwa maji matamu yenye siafu.
Aliuza vizuri kuliko mwezi wa tatu.

Nami sitajifanya msafi.
Godoro la mama lilizama Mishomoroni,
nikanunua jingine, la inchi sita, na risiti nikapewa.
Hilo jipya limehesabiwa, limeingia kwenye jumla ya taifa.
Lile la zamani, lenye shimo la ubavu wake wa kulia,
miaka kumi na minne ya kulala upande mmoja,
halikutolewa popote.
Fomu yetu inajua kujumlisha. Kutoa haikufunzwa.

Taarifa ikasomwa redioni kabla ya habari za mpira:
biashara ya rejareja imekua, kidogo, nukta nne.
Mama akauliza, "Nukta nne za nini?"
akageuza godoro jipya lipigwe na jua,
maana bado lilikuwa na harufu ya dukani.

Mwezi wa tano nikarudi Kisauni na karatasi safi.
Nyevu amepata ubao, ameuegemeza juu ya matofali mawili:
sabuni tano za kipande, trei ya mayai, viberiti.
Nikafungua fomu, nikakohoa.
"Mauzo ya mwezi—"
"Nunua kwanza," akanikata, "ndiyo uulize."

Nikachukua sabuni moja. Thelathini.
Akazipokea sarafu, akazifunga kwenye pindo la leso,
kisha akanyoosha kidole chake juu ya karatasi yangu,
cha tano, akagonga mara mbili.
Nikaandika: thelathini.
Akasimama nyuma ya bega langu
mpaka wino ukauke.